Kitambaa cha Kuvisha Golori ya Gobore: Namna ya Kukichagua Madukani Tanga

Golori ya gobore, yaani tufe la risasi linaloshindiliwa kupitia mdomo wa bunduki, huvishwa kiraka cha kitambaa kabla ya kupigwa. Ukifika kwenye maduka ya vitambaa Ngamiani kukitafuta kitambaa hicho, bei iulize mwisho. Kwanza omba nyuzi mbili tatu za ukingoni mwa jora, toka nazo nje, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ukilisugua kidoleni huwa vumbi jepesi la kijivu. Tetroni, yaani poliesta, hujikunja kwanza, huyeyuka, kisha huacha kishanga cheusi kigumu kisichopondeka kwa kucha. Mchanganyiko huwaka vizuri tu, ila ndani ya jivu utapapasa chembe ngumu. Ukizipata chembe hizo mshukuru mwenye duka na uende duka la pili, hata akikuapia kwamba ni pamba tupu. Ndani ya kasiba (mtutu wa gobore) poliesta huyeyuka kwa moto wa baruti, huganda ukutani kama gundi, na golori inayofuata hukwama njiani. Golori iliyokwama mbali na baruti ndiyo inayovimbisha kasiba au kuipasua.

Maelezo haya ni kwa mwenye gobore lenye leseni, lililotengenezwa kiwandani na kukaguliwa na fundi wa silaha anayetambulika. Gobore la kienyeji lililoungwa kwa bomba la maji halihitaji kitambaa kizuri. Halifai kupigwa kabisa.

Golori ya gobore huwa ndogo kidogo kuliko tundu la kasiba, kwa makusudi. Kiraka cha kitambaa kinachoivaa ndicho kinachojaza nafasi iliyobaki. Huiweka golori katikati, huzuia moto wa baruti usipenye pembeni, na hubeba mafuta yanayolainisha masizi. Kwenye kasiba yenye mifereji iliyochongwa ndani kina kazi ya ziada: hushika mifereji na kuizungusha golori, kwa kuwa risasi yenyewe haigusi chuma. Magobore mengi ya huku kwetu yana kasiba laini isiyo na mifereji, na humo pia kiraka kina faida, ila vipimo vyake ni tofauti.

Baada ya jaribio la moto, tazama mfumo wa kitambaa, yaani jinsi nyuzi zilivyofumwa. Kiinue juani. Ukiona vitundu vya mwanga vimepangika kama chujio, gesi nayo itaviona. Kisha kishike kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, uvute kwa nguvu kwenda pande mbili. Nyuzi zikiteleza na kuacha mwanya, kitambaa hicho kitachanika kwenye mdomo wa kasiba, kiwe kinene namna gani. Watu wengi hukosea hapa kwa kuchagua unene na kusahau mfumo. Kitambaa chembamba kilichobana hushinda kinene kilicholegea, karibu kila mara.

Marekani isiyopaushwa ni pa kuanzia pazuri. Nguo hii ililetwa pwani hii na meli za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ndiyo maana ikabaki na jina hilo, na wakati huohuo magobore nayo yalikuwa bidhaa ya misafara. Lakini zipo marekani za kila namna: nzito iliyobana hufaa sana, nyepesi ya kushonea bitana haifai. Bafta kwa kawaida ni nyembamba mno. Kitambaa cha milia kilichokuwa kikishonewa magodoro ya sufi ndicho bora kuliko vyote kikiwa pamba, maana kilifumwa kubana ili sufi isitoke. Siku hizi kingi ni poliesta, kwa hiyo kiberiti hakikwepeki. Khaki ya sare za shule mara nyingi ni tetroni. Jinzi ni nene kupita kiasi kwa kasiba nyingi, na za kisasa zina nyuzi za kuvutika. Fulana usizifikirie, kwani kitambaa kilichofumwa kama soksi hunyumbuka kikachanika. Kanga ni nyembamba, na nyingine hazina pamba hata kidogo. Kwenye mitumba, shuka nzito za hoteli zinaweza kukupa kitambaa kizuri kwa bei ya kutupa, lakini kikague kama kimechakaa: pamba iliyofuliwa miaka kumi hukatika kama karatasi mbichi.

Sasa vipimo. Unahitaji kipenyo cha tundu la kasiba, kipenyo cha golori, na unene wa kitambaa. Toa golori kwenye kasiba, gawa kwa mbili, utapata nafasi ya kila upande. Kasiba ya milimita 12.7 ikipigwa golori ya 12.45 huacha 0.125 kila upande. Ikiwa ina mifereji yenye kina cha 0.25, nafasi hadi chini ya mfereji ni 0.375, kwa hiyo kitambaa cha 0.38 kinaijaza sawasawa. Juu ya kingo za mifereji kitabanwa hadi theluthi moja ya unene wake, na pamba huvumilia. Kwenye kasiba laini hakuna mfereji wa kujaza. Kasiba ya 18.0 na golori ya 17.4 huacha 0.30 kila upande, na kitambaa cha 0.40 hadi 0.45 kinatosha. Ukilazimisha cha 0.60 utapigana na mdeki (fimbo ya kushindilia) bila kuongeza shabaha. Pakiti za viraka kutoka nje huandikwa unene kwa elfu za inchi: 10 ni milimita 0.25, 15 ni 0.38, 18 ni 0.46 na 20 ni 0.51.

Unene upimwe kitambaa kikiwa kimebanwa. Maikromita ya fundi wa kerezo, ikikazwa hadi ilie mara mbili tatu, inatoa jibu la kuaminika. Ukiwa na vernia tu, kunja kitambaa kiwe tabaka kumi, kibane kwa nguvu, kisha gawa kwa kumi. Pima baada ya kufua, maana pamba husinyaa na kunenepa.

Kufua si hiari. Jora jipya lina wanga, na wanga hukataa mafuta. Fua mara mbili kwa maji moto na sabuni ya kawaida, bila dawa ya kulainisha nguo, suuza sana, anika. Kisha dondosha tone la maji juu yake: likinyonywa papo hapo kiko tayari, likikaa kama shanga kirudi kwenye beseni.

Kipenyo cha kiraka kiwe mara 2.3 hadi 2.5 ya golori. Kwa golori ya 12.45 hiyo ni milimita 29 hadi 31. Kwa ya 17.4 ni 40 hadi 43. Kwa hesabu hiyo kitambaa hufunika kama robo tatu ya mzingo wa golori. Kikiwa kidogo au kikikaa upande, risasi hugusa chuma na kuacha madoa. Kikiwa kikubwa hukunjikana juu ya golori, huchelewa kuachana nayo hewani, na shabaha hutawanyika. Mviringo si lazima. Mraba unapiga vilevile ukikaa katikati. Nusu mita ya kitambaa chenye upana wa sentimita 90 hutoa viraka zaidi ya 400 vya milimita 30, kwa hiyo usibane matumizi.

Mafuta ya nazi peke yake huganda chini ya nyuzi 24 hivi, yaani kwa joto la Tanga ni maji siku nzima, na huvuja hadi kwenye baruti. Yaimarishe kwa nta ya nyuki: sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta kwa uzito, yeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji moto, chovya viraka, kamua mpaka visidondoke. Shahamu ya ng'ombe iliyochujwa nayo hufaa, ila isiwe na chumvi, maana chumvi na hewa ya bahari vitaila kasiba. Oili ya injini iache gereji. Ikiungana na masizi ya baruti nyeusi hufanya lami. Wapo wanaolowesha kiraka kwa mate na kupiga hapohapo. Hufanya kazi, lakini vidole vilivyoshika risasi havifai kuingia mdomoni. Maji kidogo yenye sabuni yanaleta matokeo yaleyale.

Golori iliyovaa ipite mdomo wa kasiba kwa kusukumwa kwa nguvu ya mkono, kisha ishuke kwa mdeki kwa msukumo mmoja ulio sawa. Ukihitaji nyundo, kitambaa au golori imezidi. Ikianguka yenyewe, imepungua. Kwa vyovyote ishuke mpaka ikae juu ya baruti, na mdeki uwe na alama inayothibitisha hivyo.

Jibu la kweli liko ardhini, hatua tano hadi kumi na tano mbele ya mdomo wa kasiba. Okota viraka vyote, kwanza kwa sababu vingine huwa bado vina cheche na nyasi za kaskazi hazisubiri. Kiraka kizuri kina duara jeusi katikati, miale ya mifereji kama kasiba inayo, kingo zilizochakaa kidogo, na kitambaa chenyewe ni kizima. Katikati pakiwa pameungua na kutoboka, moto ulipita: ongeza unene, au mafuta yalikuwa machache, au mfumo ulilegea. Michaniko midogo iliyopangika kwa mduara mahali golori inapokuwa nene zaidi hutoka kwenye mdomo wa kasiba wenye ncha kali. Hapo kubadili nguo hakusaidii, mdomo unahitaji kulainishwa na fundi. Michaniko mirefu inayofuata mifereji ni kasiba mpya yenye kingo kali, au kutu. Kikirudi vipande vipande, rudia jaribio la vidole gumba kabla hujalaumu kitu kingine. Badilisha jambo moja kwa mara moja, piga tano, okota tena.

Viraka vilivyopakwa weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kiasi cha kutumia kwa wiki chache tu. Mafuta yakikaa miezi huchacha na kuoza nyuzi, na kiraka kilichokuwa kizuri Januari hurudi kimechanika ifikapo masika, ingawa kwa macho hakina tofauti. Akiba iweke kavu, bila mafuta.