Namna ya Kupima Athari za Kipigo katika Afya na Maisha ya Kila Siku

Jeraha la kipigo linaweza kupona na ngozi ikarudi hali yake, ilhali aliyepigwa anaendelea kuishi na upungufu ambao hakuna aliyeuona wala kuuandika popote. Wataalamu wa afya huuchunguza upungufu huo kupitia kile wanachokiita ubora wa maisha unaohusiana na afya. Dodoso mojawapo linalotumika katika nchi nyingi, EQ-5D, huuliza mambo matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au sonona, kisha mhusika hujipa alama ya afya yake ya siku hiyo, kuanzia 0 hadi 100. Mambo hayo matano unaweza kuyafuatilia mwenyewe ukiwa nyumbani Moshi, kabla ya kumwona daktari.

Kwanza hakikisha kwamba hauko hatarini sasa hivi. Ikiwa ulipigwa kichwani na unatapika au unasinzia kupita kawaida, ikiwa wewe ni mjamzito na unatokwa damu, au ikiwa ulikabwa shingo na sauti imebadilika au kumeza kunauma, usianze kuandika chochote. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC bila kuchelewa. Kukabwa nakutaja kwa msisitizo kwa sababu mara nyingi hakuachi alama kwenye ngozi, ilhali uvimbe wa ndani unaweza kubana njia ya hewa saa kadhaa baadaye. Fomu ya polisi ya matibabu, yaani PF3, ina uzito mkubwa katika kesi, lakini uhai utangulie.

Kama hakuna dharura, tafuta daftari dogo na uandike kila jioni kwa wiki mbili. Usijiulize tu kama unajisikia vizuri, kwa sababu aliyezoea maumivu atajibu kwamba yuko salama. Jiulize kuhusu kazi. Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, ambaye bega lake la kulia lilipigwa kwa mpini wa jembe miezi mitatu iliyopita. Ukimuuliza hali, atasema nzuri. Mtazame anapojitwika mkungu: anauinua kwa mkono wa kushoto, anausimamisha kwenye paja, kisha anamsubiri jirani amsaidie kuufikisha kwenye ngata. Zamani alibeba mikungu minne kabla jua halijapanda. Siku hizi anabeba miwili, na fedha ya marejesho ya VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, haitimii. Hayo ndiyo ya kuandika: mikungu mingapi, nani alisaidia, fedha kiasi gani imepungua.

Usingizi nao uandikwe hivyo hivyo: uliamka mara ngapi, na ni nini kilichokushtua, kwa mfano sauti ya geti au ya pikipiki kusimama nje. Andika pia kama umeacha kwenda ibadani au msibani kwa kuogopa kuulizwa.

Ikiwa anayekupiga mnaishi naye, daftari hilo lisikae nyumbani. Liache kwa dada au rafiki unayemwamini, au weka alama unazozielewa wewe peke yako katika daftari la mauzo.

Siku ya kumwona daktari, mweleze chanzo halisi. Ukisema umeanguka, huenda ukaondoka na dawa ya maumivu tu, wakati bega lilihitaji mazoezi ya viungo na hofu ilihitaji ushauri nasaha. Ukiona yaliyotokea yanahitaji hatua zaidi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii watakupokea. Wazee wakikuambia mambo ya ndani yaishie ndani, fahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kwa mtoto aliyepigwa, piga simu namba 116.

Baada ya mwezi mmoja wa matibabu, rudia maswali yale yale na ulinganishe kurasa. Mikungu ikiwa imerudi minne lakini bado unashtuka kila geti linapogongwa, rudi kwa daktari na umwonyeshe kurasa zote mbili.