Mafunzo ya siku 5 ya Intaneti ya Vitu: kifaa cha kutahadharisha jalidi kwenye shamba la viazi

Mafunzo mengi ya Intaneti ya Vitu (vifaa vinavyopima na kutuma taarifa vyenyewe kupitia mtandao) huishia kwenye taa inayowaka na kuzimika juu ya meza. Kijana anarudi nyumbani na cheti, bodi (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa) inabaki kabatini. Ukitaka ujuzi ukae, chagua tatizo moja linalowaumiza wakulima wa jirani, kila somo lielekee hapo. Kwa Uporoto, Makete na Njombe, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tatizo hilo ni jalidi, yaani baridi inayogandisha majani: usiku wa Juni na Julai, anga likiwa halina wingu na upepo umetulia, majani ya viazi mviringo huungua kabla hakujapambazuka. Kifaa cha kupima joto shambani na kutuma ujumbe likishuka hadi nyuzi 3 kinaweza kutengenezwa na wanafunzi 12 kwa siku 5.

Kabla ya kununua chochote, nenda na wanafunzi kwa mkulima mmoja, mwulizeni: "Ukipata ujumbe saa 8 usiku, utafanya nini?" Kama ana nyasi za kufunika kitalu cha mbegu, au ana vinyunyizio anavyoweza kuviendesha mfululizo mpaka barafu iyeyuke asubuhi, endeleeni. Kama hana la kufanya, tafuteni tatizo lingine, maana namba isiyobadilisha uamuzi wa mtu ni mapambo.

Vifaa

Seti moja kwa watu wawili. Wakiwa watatu, wa tatu anageuka mtazamaji. Kwa wanafunzi 12 nunua seti 8, kwa sababu bodi moja au mbili zitaungua. Kila seti iwe na bodi ya ESP32, kihisi joto cha DS18B20 kilichofungwa ndani ya bomba la chuma, rezista (kizuizi cha mkondo wa umeme) ya omu 4,700, taa ya LED na rezista yake ya omu 220, ubao wa kuchomekea waya, waya fupi 20 na kebo ya USB. Multimita (kipimo cha volti na mkondo) moja kwa kila meza.

Jaribu kila kebo mwenyewe. Kebo nyingi za kuchajia simu hazina nyaya za data: bodi itawaka, kompyuta haitaiona, na asubuhi nzima itapotea mkitafuta kosa kwenye programu.

Usitegemee bando la ukumbini. Programu ya Arduino IDE na vifurushi vya ESP32 ni mamia ya megabaiti. Kompyuta 6 zikipakua pamoja, hakuna itakayomaliza. Pakua kwako, ongeza maktaba (programu saidizi za kusoma kihisi) za OneWire na DallasTemperature, kisha nakili kwa flashi. Kwenye Windows, vifurushi vya bodi hukaa kwenye folda ya Arduino15 ndani ya AppData/Local.

Siku ya 1 na ya 2

Siku ya kwanza ni taa kuwaka na kuzimika, na kujifunza kupima volti. Isizidi hapo.

Siku ya pili, unganisheni kihisi: waya mwekundu kwenye 3.3V, mweusi kwenye GND (upande hasi), wa njano, ambao ni wa data, kwenye pini namba 4. Rezista ya omu 4,700 (njano, zambarau, nyekundu) huungana kati ya waya wa data na 3.3V. Bila rezista hiyo, waya wa data hauna kinachourudisha juu, na kihisi hakisomeki. Msitumie pini 34 hadi 39. Hizo hupokea tu, haziwezi kutuma, na kihisi hiki kinahitaji kuulizwa ndipo kijibu.

Kisha hakikini kipimo. Jazeni kikombe barafu iliyopondwa, ongezeni maji kidogo, korogeni, subirini dakika 5. Kihisi kizuri kitasoma kati ya −0.5 na 0.5. Mwanafunzi atapendekeza maji yanayochemka yawe 100. Mpe ajaribu! Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, na Kitulo, palipo juu zaidi, huchemka kwa nyuzi chache zaidi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kihisi hakijakosea. Somo hilo halisahauliki.

Siku ya 3: haribu kwa makusudi

Siku hii ndiyo inayotofautisha fundi na mfuata maelekezo, kwa hiyo usiifupishe. Wanafunzi wakiwa nje, toa rezista kwenye seti moja, legeza GND kwenye nyingine, hamisha data kwenda pini 34, badilisha herufi moja ya nywila ya Wi-Fi ya simu kwenye programu ya bodi, weka kebo isiyo na data. Kila jozi iandike dalili, dhana, kisha jaribio. Watajua kwamba −127 maana yake bodi haikioni kihisi kabisa, na 85 mara nyingi maana yake kihisi kimewashwa upya au kimesomwa kabla hakijamaliza kupima. Bodi isiyoiona Wi-Fi ya simu? ESP32 ya kawaida hutumia gigahezi 2.4 tu; angalieni mipangilio ya simu.

Siku ya 4: umeme na ujumbe

Fanyeni hesabu ubaoni. Betri ya lithiamu ya 18650 yenye mAh (miliampia-saa) 2,600, bodi ikila miliampia 100 bila kulala, haifiki hata saa 30. Iamke sekunde 10 kila dakika 10, muda uliobaki ilale: wastani wa kuamka ni kama miliampia 1.7; ongeza miliampia 5 ambazo bodi ya kujifunzia inaweza kula hata ikilala, jumla 6.7, yaani siku kama 16. Pimeni ya kwenu kwa multimita. Mkitumia sola, msichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0, huharibika ndani.

Shambani hakuna Wi-Fi, kwa hiyo tumieni moduli ya SIM800L, inayowekwa laini ya simu, na SMS, inayofika hata kwenye kitochi. Hunyonya hadi ampia 2 kwa kufumba na kufumbua, hivyo msiilishe kutoka pini ya 3.3V, itajizima na kuwaka bila kikomo. Iungeni moja kwa moja kwenye betri, pamoja na kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 1,000. Ondoeni PIN ya laini kwanza.

Siku ya 5: shambani

Hewa baridi huteremka kama maji, hivyo kihisi kiwe sehemu ya chini ya shamba, usawa wa majani. Kikiwekwa mita 2 juu kitasoma nyuzi 3 au 4 huku majani yakiganda. Waya uingie kwenye boksi kutoka chini, ukining'inia kidogo ili mvua idondoke kabla ya tundu.

Wanafunzi wawili wa kijiji hicho wabaki na multimita, betri ya akiba na daftari. Kila asubuhi waandike joto la chini kabisa la usiku na hali ya majani. Baada ya wiki 3, kama ujumbe ulikuja mara nyingi na majani hayakuguswa, shusheni kiwango hadi nyuzi 2. Kama majani yaliungua na ujumbe haukuja, anzeni kwa kuangalia kama kuna aliyekiinua kihisi wakati wa palizi.