Basari ya NG-CDF: fomu, chifu, shule, na pesa zinapoishia

Fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneobunge, haiuzwi. Naanza na hilo kwa sababu kila msimu hakosi mtu kando ya duka la kutoa nakala anayeiuza, na mama mwenye haraka hulipa. Ichukue bure katika ofisi ya NG-CDF ya eneobunge lako, au kwa chifu. Kati ya maeneobunge yote 290 ya Kenya, mengine siku hizi hupokea maombi mtandaoni, lakini usidhani umeponea safari ya kwa chifu. Muhuri bado unatakiwa.

Usiichanganye na basari ya kaunti. Ile hupitia wadi, ina fomu yake na tarehe zake. Ukijaza moja hujaomba nyingine.

Mwenye mtoto shule ya kutwa pia aombe. Ni kweli serikali imepanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma Sh22,244 kwa mwaka, ingawa si zote hufika shuleni, lakini chakula cha mchana hakimo, na mtoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya chakula hichohicho. Wa bweni katika shule ya kitaifa anasubiriwa na karo ya Sh53,554 kwa mwaka kabla godoro halijanunuliwa.

Kusanya karatasi kabla ya kugusa kalamu: nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, ripoti ya muhula uliopita, na karatasi ya shule inayoonyesha mchanganuo wa karo. Anayejiunga na shule mpya aweke barua ya kujiunga badala ya ripoti. Mzazi au mtoto mwenye ulemavu aambatishe nakala ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Yatima huulizwa cheti cha kifo, na hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Kibali cha mazishi kipo kabatini, cheti chenyewe hakikuwahi kuombwa. Huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hakitoki kwa siku moja, kwa hivyo anza sasa, usingoje tangazo la basari. Kama tarehe ya mwisho imekukuta bila cheti, ambatisha nakala ya kibali pamoja na barua ya chifu inayoeleza nani alifariki na nani anamlea mtoto. Nyanya anayelea wajukuu ana haja ya barua hiyo hata kama vyeti vyote anavyo, maana jina lake haliko kwenye cheti cha kuzaliwa.

Sehemu ya shule hujazwa na mwalimu mkuu: nambari ya usajili ya mtoto, salio la karo, akaunti ya benki ya shule, sahihi na muhuri. Mpe mtoto fomu kabla shule haijafungwa. Likizoni utakuta mlinzi na mbwa.

Halafu nenda kwa chifu au naibu wake, na kama fomu inataka kiongozi wa dini, kwa imamu au mchungaji wako. Pitia kwanza kwa mzee wa mtaa. Yeye ndiye ajuaye ni nani aliyeachishwa kazi na nani anajifanya, na neno lake kwa chifu hufungua mlango upesi kuliko foleni.

Sasa ile nafasi ya kueleza hali ya familia, ambayo watu huiharibu kwa aibu. Wanaandika "sisi ni maskini" na kuachia hapo. Kila fomu mezani pa kamati imeandikwa hivyo. Andika mambo yanayohesabika: "Baba alifariki 2021. Nafua nguo za watu siku tatu kwa wiki. Watoto ni wanne, wawili wako sekondari. Tunadaiwa Sh18,400." Kamati haitakuja kuona paa lako, itasoma mistari hiyo minne. Kama jirani yako hajui kuandika, mjazie, lakini mwache aseme mwenyewe, kisha umsomee ulichoandika kabla hajatia sahihi au kidole.

Toa nakala ya fomu nzima kabla ya kuirudisha. Ukifika ofisini, hakikisha jina la mtoto limeingizwa kwenye daftari la waliowasilisha.

Majina ya waliofaulu hubandikwa ofisini au kwa chifu. Pesa hazitapita mkononi mwako wala kwenye simu. Hundi huandikwa kwa jina la shule, ikifuatana na orodha ya wanafunzi, na mtu yeyote anayetaka "ada ya kuharakisha" anakuibia. Ukiona jina, nenda kwa mhasibu wa shule udai risiti. Nimeona hundi ikifika na kulala muhula mzima, mtoto akifukuzwa karo ilhali imelipwa, kwa sababu fomu ilibeba jina la nyumbani na daftari la shule jina la cheti. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na nambari ya usajili kando yake.

Jina likikosekana, uliza ofisini ni karatasi gani iliyopungua. Ya mwaka jana haihesabiki: awamu mpya, fomu mpya, muhuri mpya.