Kipupwe na okidi: kausha kwanza, pasha joto baadaye

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Juni simu huwa za aina moja. Mtu kanunua okidi Dar es Salaam, kaipakata kwenye basi hadi Njombe au Mafinga, kaiweka dirishani sebuleni, ikapendeza. Wiki tatu baadaye majani yana madoa yaliyobonyea kama yamefinywa kwa kidole, na matumba yamedondoka kabla ya kuchanua. Swali huwa moja: "Bwana shamba, nipulizie dawa gani?"

Mara nyingi hakuna cha kupulizia. Hakuna mdudu, na kuvu ikiwepo basi imekuja nyuma ya kidonda. Kilichotokea ni usiku mmoja au miwili ya baridi ambayo mwenye ua ameshaisahau. Jani la okidi ni nene, linatunza siri. Seli zake huumia leo, doa huonekana baada ya siku nyingi, kwanza likiwa limebonyea na kupauka, kisha kahawia, kisha jeusi.

Kabla ya yote, ijue okidi yako. Hiyo yenye majani mapana na maua bapa inayouzwa kila duka la maua ni Phalaenopsis, mzaliwa wa misitu yenye joto ya Asia ya Kusini-Mashariki. Usiku usiiache chini ya nyuzijoto 16. Vanda ni hivyo hivyo, na zile Dendrobium za nchi za joto zikikaa chini ya 15 huanza kupukutisha majani. Cymbidium ni habari nyingine kabisa: asili yake ni pamoja na miteremko ya Himalaya, huvumilia usiku wa nyuzi 10 na hata chini kidogo, na isipopata usiku wa baridi inagoma kutoa maua. Mtu wa Njombe anayeanza akiniuliza, namwambia aanze na Cymbidium, hizo nyingine azifuate akishazoea.

Kuna atakayesema, mbona Kitulo kuna okidi tele na baridi ya kule inajulikana? Kweli, uwanda ule haukuitwa Bustani ya Mungu bure. Lakini okidi za Kitulo nyingi ni za ardhini. Kipupwe kikifika majani hukauka, mmea unabaki kiazi chini ya udongo ukisubiri mvua. (Viazi hivyo ndivyo vinavyochimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, tusivichimbe.) Phalaenopsis haina kiazi. Haina pa kujificha.

Hata hivyo usiifungie kwenye joto la kupindukia. Ubaridi wa wastani ndio unaoiamsha itoe bua la maua: mchana usiozidi nyuzi 25 hivi na usiku wa 16 hadi 18, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wengi Dar hulalamika kwamba okidi yao ilichanua dukani na haijachanua tena. Joto halijawahi kushuka vya kutosha. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati hiyo, mradi tusiiache ipite kiasi.

Sasa maji, na hapa ndipo okidi nyingi zinapofia. Wakati wa baridi mmea hunywa kidogo na chungu hukauka polepole. Ukiendelea kumwagilia kwa ratiba ya Februari, mizizi inalala kwenye ubaridi na unyevu, inaoza. Usihesabu siku, angalia mizizi. Ikiwa chungu chako kinaonyesha ndani, mizizi iliyokauka ina rangi ya kijivu inayong'aa kama fedha, iliyolowa ni kijani. Ikiwa bado kijani, weka kopo chini. Chungu kisichoonyesha, kinyanyue. Baada ya wiki mbili mkono wako utajua uzito wa kikavu na wa kilicholowa. Waliopanda kwenye makumbi ya nazi wawe waangalifu zaidi, kwa sababu makumbi hushika maji muda mrefu kuliko mkaa au magome ya msonobari.

Mwagilia asubuhi, saa tatu hadi saa tano, ili kufikia jioni pawe pamekauka. Maji ya bomba ya alfajiri ya Julai yanauma meno. Ukiyamwaga juu ya majani ya Phalaenopsis yanaacha yale madoa niliyoyataja. Yakinge jioni, ndoo ilale ndani, asubuhi ongeza maji ya moto kidogo mpaka ukitia kiwiko usihisi baridi wala joto. Elekeza maji kwenye magome. Yakiingia pale majani yanapokutana katikati, yafyonze kwa pamba au ncha ya kitambaa. Tone dogo linalolala pale usiku wa baridi linatosha kuozesha kiini: utavuta jani la ndani asubuhi moja, litang'oka lenyewe, laini chini, na harufu yake hutaisahau.

Mahali pa kuiweka nako kuna hesabu yake. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji, kwa hiyo nyumba ya bondeni hupata sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, wakati jirani wa mlimani hana habari. Usiku wa hatari ni ule wa anga safi, nyota tele, upepo umetulia. Njombe hayo hutokea zaidi Juni na Julai kwa kuwa ni kiangazi. Limuru na Kericho kule Kenya, Julai huwa na mawingu mengi, na sakitu inayounguza chai huja Januari na Februari. Kwa hiyo usiitegemee kalenda peke yake, tazama mbingu jioni.

Ndani ya nyumba, sogeza chungu mbali na kioo cha dirisha kabla giza halijaingia. Kosa la kawaida ni kufunga pazia na kuiacha okidi upande wa kioo. Hapo umeifungia nje. Iweke juu ya meza, isiwe kwenye sakafu ya saruji.

Jiko la mkaa usilitumie kuipasha joto. Mwaka wangu wa kwanza niliziweka jikoni nikijiona mjanja, na ndani ya wiki matumba yote yalikuwa sakafuni. Moshi una gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi, nayo huangusha matumba. Mkungu wa ndizi mbivu karibu na okidi hufanya hivyo hivyo. Na kulala chumba kimoja na jiko linalowaka, hilo ni hatari kwa roho yako kabla ya ua.

Mwenye vyungu vingi kwenye kitalu nyumba atandaze nailoni tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati. Apange mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi upande unaopigwa na jua. Mchana yanakusanya joto, usiku yanalitoa. Funga madirisha ya kitalu saa kumi alasiri, joto likiwa bado ndani, ufungue saa tatu asubuhi. Usiyaache yamefungwa siku nzima, maana unyevu utafanya matone kwenye nailoni na kudondokea majani. Kipimajoto kinachotunza kiwango cha chini cha usiku kining'inizwe usawa wa mimea, kwani darini huwa kuna joto ambalo okidi hailioni.

Iliyokwisha umia usiikimbize juani. Iweke penye kivuli na joto la wastani, punguza maji, simamisha mbolea. Jani lenye doa kavu liache, bado linaulisha mmea. Kinacholainika na kusambaa kikate kwa wembe uliosafishwa kwa spiriti, ukichukua na sehemu ndogo nzima, kisha upake unga wa mdalasini kwenye kidonda tu, kwa sababu mdalasini hukausha mizizi. Halafu ngoja. Ncha ya kijani ikionekana kwenye mzizi, au jani jipya likichomoza katikati, rudisha mbolea kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi.