Kunukuu na kutaja chanzo kwenye pepa bila kujichanganya

Wengi wetu marejeleo tunayaachaga mpaka usiku wa mwisho, afu ndo tunaanza kuhangaika hii sentensi niliitoa wapi. Mi iliwahi kunikuta, msimamizi kanizungushia nukuu moja kwa kalamu nyekundu akaandika "ukurasa?" basi, hakuna kingine, nikarudia kitabu kizima siku mbili natafuta mistari miwili. Toka hapo nikisoma naandika palepale jina, mwaka na ukurasa, na nikikopi maneno kama yalivyo naweka alama za kunukuu hata kwenye notsi zangu mwenyewe. Hiyo ya alama usiidharau, manake wiki tatu baadae ukikuta sentensi tamu kwenye daftari huwezi kukumbuka ni yako au ya mtu, na wizi wa maandishi mara nyingi unaanzia hapohapo bila mtu kukusudia.

Kabla ya yote uliza chuo chako wanataka mtindo gani, yani kanuni zipi za kutaja chanzo. APA, ambayo sasa iko toleo la 7, utaikuta sana kwenye saikolojia, elimu na sayansi za jamii. MLA ni ya watu wa lugha na fasihi. Chicago wanaipenda wa historia, na wao mara nyingi wanataka tanbihi chini ya ukurasa. Harvard haina kitabu kimoja rasmi, kila chuo kina ya kwake, kwa hiyo fuata mwongozo wa chuo chako na sio wa rafiki yako wa chuo kingine.

Sasa tuseme mwandishi mmoja, tumwite Fulani, mwaka 2018, ukurasa wa 45, kaandika hivi: Lugha ya mtoto hukua haraka anaposemeshwa mara kwa mara, ingawa si kwa kila mtoto, na wazazi wengi hawalijui hilo.

Kwa APA unaweza kuandika: Fulani (2018) anaona kuwa lugha ya mtoto "hukua haraka anaposemeshwa mara kwa mara" (uk. 45). Au unaviweka vyote mwishoni pamoja: (Fulani, 2018, uk. 45). Kwa MLA mwaka haukai pale, ni jina na namba tu bila hata koma: (Fulani 45). Angalia na nukta ya kumaliza sentensi, inakuja baada ya mabano, sio kabla. Kidude kidogo ila ndo kinachokosewa kuliko vyote.

Ukitaka kuruka maneno katikati weka vidoti vitatu, ila hapa kuwa makini sana. Mtu anaweza kuandika "hukua haraka anaposemeshwa mara kwa mara ... na wazazi wengi hawalijui hilo" na kiufundi yuko sawa kabisa, lakini kaua "ingawa si kwa kila mtoto", yani kamfanya Fulani aseme kitu ambacho hakukisema. Kwangu mimi hilo kosa ni baya kuliko kusahau koma mia. Ukiongeza neno lako ndani ya nukuu ili msomaji aelewe, liweke kwenye mabano ya mraba: "wazazi wengi hawalijui hilo [la kumsemesha mtoto]". Na kama ndani ya maneno unayonukuu kuna nukuu nyingine, ya ndani inapata alama moja moja, ya nje mbili mbili.

Nukuu ndefu inatolewa nje ya aya. APA inaanzia maneno 40, MLA ni ikizidi mistari minne ya nathari kwenye pepa yako (sio kwenye kitabu), au mitatu ya shairi, Chicago ni kama maneno 100 hivi. Unaanza mstari mpya, unaisogeza yote ndani, unaondoa alama za kunukuu kwa sababu kule kusogezwa kwenyewe kunatosha, na hapa nukta inageuka, inakaa kabla ya mabano. Ndio, kinyume na ile fupi. Ila usijaze pepa manukuu marefu, msomaji anataka kukusikia wewe.

Ukisema kwa maneno yako bado unataja chanzo, maana wazo ni la mwenyewe. Na kubadilisha "haraka" iwe "upesi" na "mara kwa mara" iwe "kila mara" sio kusema kwa maneno yako. Funga kitabu, andika ulichoelewa, afu fungua ulinganishe.

Kama Fulani umemkuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine na cha kwake hujakishika, usijifanye umekisoma. Andika "kama alivyonukuliwa na" halafu jina la uliyemsoma, na huyo ndo anaingia kwenye orodha ya marejeleo mwishoni mwa pepa.

Hiyo orodha unaweza kuitengeneza na Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure na inakuokolea muda, ila inachukua data kama ilivyoikuta, kwa hiyo jina likiingia herufi kubwa tupu litatoka hivyohivyo. Programu za akili bandia ndo usiziamini kabisa kwenye hili, zinaweza kukutungia makala yenye mwandishi, jarida na mwaka na wala haipo duniani. Kama ina DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni) ibandike kwenye doi.org uone inafungua nini.

Siku ya kukusanya, printi, shika kalamu, kila jina ulilotaja ndani lisake kwenye orodha ukilipata tiki, afu geuza, kila lililo kwenye orodha lisake ndani. Utakalokuta halina mwenzake, ama ulisahau kuliongeza, ama ulifuta aya na jina likabaki.