Kujaribu vipodozi vya kila siku bila kuichosha ngozi: mwongozo kwa mama asiye na muda

Kabla ya kununua chochote kipya, toa vyote ulivyo navyo bafuni, chumbani na ndani ya mkoba, uvipange mezani penye mwanga. Sabuni ya kuoga, ya uso, mafuta ya mwili, mafuta ya nywele, poda, diodoranti, na kile kichupa ulichogawiwa na jirani. Geuza kimoja kimoja. Kisicho na lebo, kilichobadilika rangi, kilichojitenga maji juu na uzito chini, au kinachonuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha, tupa. Vifungashio vingi vina mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa na ndani yake 6M au 12M: hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu siku ulipokifungua. Kwa hiyo andika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino, maana hakuna atakayeikumbuka.

Kinachofuata ni wiki mbili za kutojaribu kitu. Tumia vitatu tu: sabuni laini ya uso isiyo na manukato, mafuta au losheni moja, na losheni ya kukinga jua. Ngozi iliyochokozwa hukataa hata kitu kizuri, nawe utakilaumu bure. Ikishatulia ndipo utakapoona wazi kipi kimekufaa na kipi kimekudhuru. Mama akinunua vitu vinne Jumapili sokoni Kibuye, Kisumu, na kuvianza vyote Jumatatu, chunusi zikitoka Alhamisi hana njia ya kujua mkosaji ni nani. Atatupa vyote vinne, au mbaya zaidi ataongeza cha tano.

Sabuni ya kipande ya kufulia na nyingi za kuogea ni kali kwa uso, kwa sababu ngozi yenyewe ina uchachu kidogo na sabuni hizo zina hali ya magadi. Ukinawa nazo uso unabana, kisha saa mbili baadaye unameremeta mafuta. Watu wengi hudhani hiyo ni ngozi ya mafuta, kumbe huenda ni ngozi iliyokaushwa. Ili ujue yako ilivyo, nawa jioni, jipanguse kwa kugusagusa bila kusugua, usipake chochote kwa saa moja. Kisha bandika karatasi ya tishu kwenye paji la uso, pua na mashavu. Ikinyonya mafuta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ikinyonya paji na pua pekee, ni mchanganyiko. Ikitoka kavu huku ngozi ikibana au kupauka, ni kavu.

Fanya kipimo hicho mahali unapoishi, si ulikoenda kutembea. Kisumu ina joto na unyevu wa ziwa, jasho linatoka tangu asubuhi, na mafuta mazito usoni huchanganyika na jasho na vumbi la barabara. Nakuru iko juu zaidi, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, na Januari na Februari hewa hukauka hadi midomo inapasuka. Losheni nyepesi iliyokutosha Kondele, mtaa wa Kisumu, itakuacha umepauka ukienda kukaa Nakuru, na jeli nzito iliyokupendeza Nakuru inaweza kukuletea vipele Kisumu. Losheni haijabadilika, hewa ndiyo iliyobadilika.

Jinsi ya kujaribu kitu kipya

Kimoja kwa wakati mmoja. Anza na mkono: paka kiasi cha punje ya mahindi upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku saba, mahali palepale. Watu hujaribu mara moja, wakaona hakuna kitu, wakajipaka usoni usiku huohuo. Hilo halitoshi, kwa sababu mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili, tatu au zaidi. Kama ni kitu cha kuoshwa, kama sabuni, kiache kwa muda ule ambao ungekiacha usoni, kisha suuza.

Mkono ukipita salama, hamia pembeni mwa taya chini ya sikio, siku tatu. Hapo ngozi inafanana zaidi na ya uso, na doa likitokea halionekani sana. Baada ya hapo ndipo upake uso mzima. Vitu vyenye dawa ndani yake vianzie usiku mmoja, upumzike usiku mmoja, kwa wiki mbili za kwanza.

Sasa subira, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mafuta ya kulainisha hujulikana ndani ya wiki moja au mbili. Dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisili inahitaji wiki sita hadi nane. Kitu cha kupunguza madoa meusi, kwa mfano niasinamidi, kipe wiki nane hadi kumi na mbili. Ngozi ya juu huchukua takriban mwezi mmoja kujibadilisha, kwa hiyo anayebadilisha krimu kila wiki hajawahi kuijaribu hata moja. Piga picha ya uso kwa simu siku ya kwanza, dirishani, saa ileile, bila vipodozi, kisha rudia kila baada ya wiki mbili. Kioo cha kila siku hudanganya.

Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi weusi mpya ulioambatana na mwasho, simama. Katika ngozi zetu mwasho mdogo huacha doa linalokaa miezi, na ndiyo maana tunasisitiza polepole. Mchomo wa sekunde chache unaotulia wenyewe unaweza kuvumiliwa. Mchomo unaodumu zaidi ya dakika moja, uvimbe au malengelenge, osha kwa maji mengi safi yasiyo ya moto kwa dakika kumi au zaidi, paka jeli ya mafuta isiyo na manukato, na usianze kitu kipya kwa wiki mbili. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Nenda hospitali ukiwa na kopo lenyewe mkononi.

Kinga ya jua kwanza

Kati ya vyote vitakavyopita mezani mwako, losheni ya kukinga jua ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi dhidi ya madoa, na ndiyo inayoachwa kwanza pesa ikipungua. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Jua hapa linapiga wima mwaka mzima. Nako Nakuru baridi huwadanganya watu: kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inavyozidi, hata kama umevaa sweta. Mawingu mepesi hayaizuii.

Chagua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB, miale ya jua inayounguza), na iwe na maneno ya kuonyesha inakinga pia miale ya UVA, ile inayopenya ngozi zaidi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, na 50 takriban 98, hivyo usijikaze kununua ya bei ya juu kwa ajili ya namba. Kinachoharibu kazi ni uchache wake. Kamulia mistari miwili, juu ya kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Paka dakika kumi na tano kabla ya kutoka. Ukishinda nje, sokoni, shambani au kwenye bodaboda, rudia kila baada ya saa mbili na kila ukishajipangusa jasho. Kofia pana na leso vinasaidia sana, tena havina gharama mpya.

Tatizo la wengi ni uso kuonekana umepakwa majivu. Hutokana na zinki oksidi au titani dioksidi, ambazo ni nyeupe zenyewe. Ijaribu kwenye taya nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana, ungoje dakika tano. Zile zenye rangi ya kahawia zina oksidi za chuma ndani yake, na faida yake si ya urembo tu: hukinga pia mwanga wa kawaida unaozidisha madoa ya mimba kwenye ngozi nyeusi. Kama una madoa hayo, hiyo ndiyo ya kutafuta. Mtoto wa chini ya miezi sita usimpake. Mfunike kwa nguo na umweke kivulini.

Dakika tano za mama

Asubuhi: nawa kwa maji matupu kama ngozi ni kavu, au kwa sabuni laini kama ni ya mafuta, paka losheni kukiwa bado na unyevu, kisha kinga ya jua. Jioni: sabuni, kitu unachokijaribu kama kipo, mafuta. Basi. Viweke kando ya mswaki, juu ambapo mkono wa mtoto haufiki, na ufanye ya jioni mara tu watoto wanapoanza kula badala ya kungoja walale, kwa sababu wakilala nawe umelala.

Unyevu huo una sababu. Gliserini huvuta maji na jeli huyafungia ndani, kwa hiyo vyote viwili vinahitaji maji ya kushika. Paka ndani ya dakika tatu baada ya kuoga. Gliserini tupu hunata na huweza kuiacha ngozi kavu zaidi. Changanya kijiko kimoja na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza ya siku mbili au tatu tu kwa sababu mchanganyiko wa nyumbani hauna kihifadhi, utumie mwilini, kisha funika na jeli kidogo kwenye visigino na viwiko. Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kukamulia ng'ombe, inafanya kazi hiyo ya kufunika vizuri miguuni na mikononi. Usoni, kwa aliye na chunusi, iache.

Vipele vidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele mara nyingi si kosa la sabuni ya uso. Ni mafuta ya nywele yanayoteremka na jasho, hasa ukiwa umesukwa na unapaka kila siku. Paka kwenye mistari ya kichwa tu, rudi nyuma sentimita mbili kutoka paji, funga kitambaa safi usiku, na ubadilishe foronya kila wiki. Subiri wiki nne kabla ya kununua dawa ya chunusi. Ukiinunua, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha kuanzia. Hufubaza taulo na leso za rangi, basi tumia kitambaa cheupe.

Ndimu na soda ya kuokea visiguse uso. Ndimu ni asidi kali, na ikikaa kwenye ngozi juani inaweza kuunguza na kuacha alama nyeusi. Dawa ya meno juu ya chunusi hukausha na kuchoma. Vyakula hivi na dawa hizi zina kazi zake. Usoni si mahali pake.

Sokoni

Usinunue krimu iliyopimwa kutoka kwenye ndoo au kopo kubwa, hata kama ni nusu ya bei. Hujui kilichomo wala aliyeshika ndani yake. Nunua saizi ndogo kabisa iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe, orodha ya viambato na anwani ya mtengenezaji. Tafuta alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Ya hapa nchini ina namba chini yake, nawe unaweza kuikagua kwa kutuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Tuma ukiwa bado dukani.

Krimu inayoahidi kukung'arisha ndani ya siku saba iogope. Ngozi haiwezi kubadilika upesi hivyo bila dawa kali. Soma pakiti: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya hospitali ambayo ikitumiwa miezi hupunguza unene wa ngozi hadi mishipa ionekane, huleta michirizi na chunusi. Ukiona mercury au calomel, hiyo ni zebaki. Huharibu figo, na huhama kutoka kwako kwenda kwa mtoto kupitia taulo, mto na kukumbatiana. Hydroquinone (haidrokwinoni), dawa ya kung'arisha ngozi, bila usimamizi wa daktari nayo iache. Na mkorogo uliochanganywa na mtu hauna hata hilo la kusoma.

Kama tayari umetumia krimu yenye clobetasol kwa miezi, usiiache ghafla peke yako, kwa sababu uso huripuka ukawaka kuliko mwanzo. Nenda na kopo lake kwa daktari wa ngozi akupunguzie kwa mpango. Yenye zebaki ni kinyume: iache leo, usiitupe mahali watoto watafika, na umwambie daktari akupime.

Mjamzito asitumie retinoli na tretinoini, ambazo ni za jamii ya vitamini A, wala haidrokwinoni. Niasinamidi na asidi ya azelaiki, dawa ya chunusi na madoa, ndizo huchaguliwa zaidi kipindi hicho. Anayenyonyesha asipake dawa kifuani wala mahali shavu la mtoto linapolala. Madoa ya mimba mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo katika kipindi hicho kinga ya jua itumike kila siku, na pesa ya krimu ya madoa isubiri mpaka mtoto afikishe angalau miezi sita.