Jua Likitoka Baada ya Mafuriko, Usikimbilie Urea

Mvua zikizidi kwenye mbuga za Simiyu na Shinyanga, yale mashamba ya bondeni yenye udongo mweusi mzito, mambo huenda vilevile kila msimu. Maji yanalala kwenye pamba siku tatu, nne. Jua linatoka, kali la kuchoma utosi. Pamba inageuka njano, majani yananing'inia mchana kutwa. Na mkulima, badala ya kushika jembe azibue maji, anashika mfuko wa urea, mbolea ya naitrojeni, na kumwaga juu ya tope. Wiki mbili baadaye anaulizia mfuko wa pili, eti mbolea ya mwaka huu imechakachuliwa.

Mbolea haina kosa. Mmeiweka siku mbaya.

Rangi ya njano mnayoiona ni njaa ya naitrojeni kweli, hapo hamjakosea. Lakini mwenye njaa huyu hana mdomo wa kulia. Mizizi ya pamba inapumua, na udongo mweusi wa mbuga ukijaa maji, hewa iliyokuwa ndani yake inafukuzwa. Kidogo kinachobaki kinaisha haraka. Mzizi usio na hewa hauvuti naitrojeni, hauvuti hata maji, ndiyo maana mmea unanyauka huku umesimama majini. Hapo ongeza jua. Joto likipita nyuzi 35, jani linadai maji ambayo mizizi haiwezi kuyapandisha. Linafunga vitundu vyake, na kwa kuwa halitoi tena jasho la kulipoza, linazidi kuchemka. Mmea unaanza kutua mzigo: matumba ya maua na vitumba vichanga, yaani matunda ya pamba, vinadondoka. Maji peke yake pamba inaweza kuyavumilia siku chache. Joto peke yake pia, mradi mizizi ni mizima. Yakifuatana ndani ya wiki moja ndipo mnaona chini kumetapakaa, na misimu ya siku hizi inapenda kuyaleta hivyo: mvua ya wiki nzima inashuka siku moja, kisha jua kavu.

Sasa urea iliyomwagwa juu ya tope lenye moto inakwenda wapi? Sehemu inageuka amonia na kupaa hewani, na joto ndilo linaloiharakisha. Sehemu nyingine inasombwa kwenda kwenye majaruba ya jirani, ambaye mpunga wake utakushukuru. Pamba yako inapata mabaki.

Kazi ya saa 24 za kwanza ni jembe. Chimba mfereji wa kutoa maji wenye kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule, na uanzie upande wa chini wa shamba ukipanda juu, ili maji yakufuate nyuma. Ukianzia juu utachimba ukiwa ndani ya dimbwi na utaacha kazi njiani. Waliolima kwa matuta na kuyafunga kwa vizuizi vya kukinga maji, kateni vizuizi hivyo sasa, mtavirudisha mvua zikipungua. Wa kwenye kichanga cha mlimani waviache, kwao maji hayakai. Na mfereji uelekezwe kwenye korongo au njia ya maji. Usiuelekeze kwenye shamba la mwenzako; kesi za namna hiyo ofisi za vijiji zinazo za kutosha.

Maji yakishatoka, kaa nje ya shamba. Ng'ombe na palizi kwenye mbuga iliyolowa wanaishindilia na kukata mizizi michache iliyosalimika. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10 karibu na shina, uviringishe mkononi. Ukitoa mnyoo laini unaong'aa, rudi nyumbani. Ukikatikakatika, unaweza kupalilia, kwa jembe la mkono na juujuu tu.

Kwa urea subiri zaidi. Ng'oa shina moja la pembeni utazame mizizi. Ikiwa ni ya kahawia na inanuka kama yai viza, bado. Ukiona nyuzi mpya nyeupe, mdomo umefunguka. Mara nyingi ni siku tano hadi saba baada ya maji kuondoka, ila amini mizizi kuliko kalenda.

Kipimo ni nusu mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Nusu mfuko, yaani kilo 25, narudia kwa sababu kuna watu wanaomalizia mfuko mzima «kwa kuwa imeteseka». Kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 40 una mashimo kama 11,200 kwa ekari, hivyo kila shimo linapata gramu 2 na kidogo: nusu kizibo cha soda, kikwanguliwe kiwe sawa. Aliyepanda 60 kwa 30 ana mashimo mara mbili, basi ni robo kizibo. Weka sentimita 7 hadi 10 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 5, na ufukie. Kufukia si hiari. Fanya kazi hiyo alfajiri au jioni, siku ambayo wingu la mvua kubwa halijakaa. Pamba iliyopitisha wiki 10 tangu kuota usiipe kabisa; itajaza majani na kuchelewesha vitumba kupasuka.

Asiyeweza kusubiri mizizi apulizie majani: gramu 160 za urea kwenye bomba la lita 16, kuanzia saa 11 jioni. Saa 6 mchana utayababua. Bomba lioshwe kwanza, na dawa ya wadudu isichanganywe humo.

Nikigusia dawa: okota matumba yaliyodondoka uyatazame kabla ya kulaumu funza. Yasiyo na tundu yameangushwa na maji na joto, na hakuna dawa ya dukani itakayoyarudisha. Yakiwa na tundu, hapo pulizia.

Majani mapya ya juu yakitoka ya kijani, shamba limepona. Ya chini yaliyokwisha kuwa njano yaacheni.

Shamba ambalo mashina zaidi ya nusu yameoza ni habari nyingine. Kama nusu ya Januari imeshapita usirudie pamba, maana itatoa maua wakati mvua zinaaga. Ng'oa yaliyooza, acha mvua zipungue, kisha panda dengu. Mbuga hiyohiyo itaikuza kwa unyevu uliobaki.